Rangi Inayobaki Nyumbani

Kofia ilikuwa ndogo kiasi kwamba Sajini alilivalisha chungwa, nayo ikabana.

"Hebu tazama, Afande," alisema, akiligeuza chungwa mkononi. "Mwenye kichwa kama hiki hajazaliwa bado duniani."

"Livue. Hicho ni kielelezo."

Sajini aliirudisha kofia kwenye mfuko wa nailoni, kisha akalimenya chungwa, maana hakuwa mtu wa kuacha kitu kiharibike. Inspekta aliuvuta mfuko upande wake wa meza. Kofia ya njano, imefumwa kwa mkono, ukingo wake umekunjwa mara mbili ili usilegee. Haikuwa na barua wala jina. Jana jioni ilikuwa imeachwa kwenye geti la Mwimbaji, yule ambaye hata watu wasiopenda muziki wanazijua nyimbo zake kwa moyo, na ambaye sasa alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, mimba aliyoihangaikia miaka mingi. Alifungua kifurushi, akaona kofia isiyoweza kumtosha mtoto yeyote aliye hai, akaanguka kwenye zulia.

Hakuumia, wala mtoto tumboni hakupata neno. Lakini mumewe, mfanyabiashara aliyekuwa na namba za simu za wakubwa wote, alikuwa ameshawapigia nusu yao. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kabla ya alasiri. Shitaka lilikuwa kutishia maisha, na mtuhumiwa alikuwa tayari ndani: mama mmoja mzee anayefuma sweta za shule kwenye kibanda cha sokoni, aliyeshikwa na mlinzi wa geti akiwa bado na mkoba wa nyuzi begani. Sokoni wanamwita Mama Sweta.

"Amesema nini?" Inspekta aliuliza.

"Kaitikia salamu, kaomba maji, kashukuru. Tangu jana. Nimemtisha, nimembembeleza, nimemwimbia karibu nilie mwenyewe. Mawe yanaongea kuliko yule."

"Na hao wengine?"

Hapo ndipo kesi ilipoanza kunoga. Asubuhi habari ilipotangazwa redioni, wanawake watatu walipiga simu kituoni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Wa kwanza ni Daktari, anayepasua mioyo ya watoto wachanga. Wa pili ni Mhandisi, aliyejenga lile daraja refu ambalo wazee walisema halitajengwa. Wa tatu ni Mkimbiaji, ambaye medali zake zilimfanya kila mtoto mtaani atembee pekupeku kwa makusudi. Wote hupokea kofia kama ile, kila mwaka, mkesha wa siku ya kuzaliwa kwao. Na siku yenyewe ni moja kwa wote wanne, mwaka ule ule, siku kama ya leo.

"Mimi namtaka yule mtangazaji," Sajini alisema huku akijifuta maji ya chungwa. "Nani anafaidika? Mji mzima leo umeganda kwenye redio yake. Na habari aliijua kabla yetu."

"Chukua ufunguo wa gari," Inspekta alisema.

Mtangazaji waliyemkuta studio alikuwa na sauti nene kuliko kifua chake. Kipindi chake cha asubuhi kilihusu jambo moja tu: yaliyotokea tarehe kama ya leo. Aliwakaribisha viti na kuanza kabla hajaulizwa.

"Tarehe hii, Afande, ina mkono wa Mungu. Tarehe hii garimoshi la kwanza lilifika mjini, watu wakalikimbia. Tarehe hii kimondo kilianguka shambani kwa mtu, akakitumia kufungia mbuzi mpaka wataalamu walipokuja. Tarehe hii alikufa bingwa wa mimea aliyekipa jina kila kijani unachokiona barabarani. Halafu hawa wanne. Mji huu huu, hospitali ile ile moja iliyokuwepo, mwaka mmoja, siku moja, na wote wanawake! Tarehe nyingine nahangaika kupata hata mchezaji wa akiba."

"Habari ya kofia uliipata wapi?"

"Kwa mlinzi wa geti. Ni msikilizaji wangu."

"Kipindi chako kina umri gani?"

"Kinaingia mwaka wa sita."

"Kofia ya Mhandisi mwaka huu umeionaje? Ule ufumaji."

Mtangazaji alikunja uso. "Si ni njano zote? Mlinzi aliniambia njano."

Inspekta aliinuka na kumshukuru. Kwenye ngazi Sajini alimsogelea.

"Afande, mbona umemwacha kirahisi hivyo?"

"Kofia zilianza kuja yeye akiwa bado shule. Na ya Mhandisi ni ya kijani, alitwambia kwenye simu. Angekuwa amezituma, angejua."

"Labda kajifanya."

"Mtu yule hawezi kujifanya hajui kitu. Itamuua."

Daktari aliwapokea ofisini kwake hospitali akiwa ametoka chumba cha upasuaji, alama ya barakoa bado imechorwa mashavuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye vidole vya kushangaza, virefu kuliko vilivyostahili mwili wake. Alifungua mtoto wa meza na kutoa kofia zake zote, akazipanga mezani kwa mfuatano wa miaka. Ya mwaka huu ilikuwa ya buluu.

"Hukuzitupa," Inspekta alisema.

"Mwanzoni nilitaka. Halafu nikazipima." Alichukua moja na kuitanua kwa vidole viwili. "Hii si mzaha wa mtu. Ni kipimo sahihi cha mtoto njiti, wa kilo moja na kidogo. Tazama ukingo, umekunjwa ili ushuke mpaka chini ya masikio, kwa sababu joto la mtoto njiti hupotelea kichwani. Aliyefuma hii amewahi kumwona mtoto wa namna hiyo kwa karibu. Mimi mwenyewe nilizaliwa hivyo. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia nililala kwenye chumba cha joto cha hospitali hii hii."

"Ulipata kumuuliza zaidi?"

"Nilimuuliza. Akaanza kulia, nami nikaacha kuuliza."

Inspekta alimtuma Sajini apige simu mbili, kwa Mhandisi na kwa Mkimbiaji, aulize mambo mawili tu: kama walizaliwa njiti, na rangi za kofia zao mwaka hadi mwaka, kwa kadiri wanavyokumbuka. Mkimbiaji alikuwa amezitundika zote ukutani pamoja na medali, akizidhania za shabiki mwenye kichaa kidogo. Mhandisi alikuwa amezipiga picha, kwa sababu wahandisi hupiga picha kila kitu. Wote wawili walizaliwa njiti. Mwimbaji hakutakiwa kusumbuliwa, lakini maelezo yake ya jana usiku yalikuwemo mfukoni mwa Sajini, na rangi za kofia alizoletewa kazini miaka ya nyuma zimo.

Inspekta alizipitia kofia za Daktari moja moja, akizilinganisha na rangi za wale wengine. Nyekundu, njano, kijani, buluu, nyeupe, kisha nyekundu tena. Aliyepata nyekundu mwaka huu alipata nyeupe mwaka jana. Aliyepata njano alipata nyekundu. Hakuna mwaka ambao wawili walipata rangi moja. Zilikuwa zikizunguka kama watoto wanaopokezana bembea.

"Sajini, mtu anayetisha huchagua," alisema polepole. "Humpa huyu hiki na yule kile, ajue ameumiza wapi. Huyu hachagui."

"Anafanya nini basi?"

"Anagawa. Ana rangi tano, na kila moja ni ya mtu fulani. Ila hajui ni ya nani, kwa hiyo anampa kila mmoja kila rangi, kwa zamu, asije akamdhulumu mtu."

"Rangi tano," Daktari alisema, "na sisi tuko wanne."

"Ndiyo. Kila mwaka rangi moja inabaki nyumbani."

Daktari aliketi. Alizirudisha kofia ndani ya mtoto wa meza, akaibakiza ya buluu na kumsogezea Inspekta.

Walipotoka, Inspekta alisimama kwenye ukuta wa jengo la zamani, ule ambao watu huegemeza baiskeli. Kulikuwa na kibao cha jiwe, kimefifia, amekipita mara nyingi akija kuandikisha majeruhi. Safari hii alikisoma. Kiliwekwa kumkumbuka muuguzi wa zamu aliyekufa kwenye moto wa wodi ya wazazi akiwaokoa watoto wa chumba cha joto. Tarehe ilikuwa ya leo. Mwaka ulikuwa ule ambao wanne wale walizaliwa.

"Yesu na Maria," Sajini alisema, akavua kofia yake ya kazi.

"Fikiri, Sajini. Mtoto njiti hulala chumba cha joto siku na siku. Waliokuwemo siku ya moto walikuwa wamezaliwa kabla, mmoja wiki ile, mwingine wiki iliyotangulia. Hakuna namna wote wangezaliwa siku hiyo."

"Basi mbona..."

"Mtu aliwapa tarehe hiyo. Mama zao wote waliwapa tarehe hiyo."

Sajini alikitazama kibao, kisha akaenda kimyakimya kuziondoa baiskeli mbili zilizokiegemea.

Katika akina mama wale, aliyebaki hai ni mmoja tu, mama wa Mwimbaji. Walimkuta sebuleni akipiga pasi nguo za mjukuu asiyezaliwa, nguo ambazo hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa kupenda kukaribisha, na alikaribisha mpaka alipoulizwa.

"Mwanao alizaliwa siku gani, mama?"

"Si leo? Nyie polisi mnakuja kuniuliza sikukuu?"

"Siku ya moto."

Pasi ilibaki juu ya kitambaa. Sajini aliinyanyua kabla haijaunguza.

"Sijui moto gani mnaosema," yule mama alisema. "Mwanangu alizaliwa mzima, mnene, hana tatizo."

"Daktari alilala kitanda cha pili katika chumba kile kile. Mkimbiaji na Mhandisi pia. Mlikuwa mama watano."

"Wanne."

Alilisema haraka mno, kisha akajishika mdomo. Inspekta hakulikimbilia neno lile. Aliliacha likae katikati ya chumba, kila mtu alitazame.

"Kuna mama mmoja nimemweka ndani," alisema hatimaye. "Ndiye aliyeleta kofia kwa binti yako. Mrefu, mweusi, anafuma kwa mkono wa kushoto. Mkweo anataka afungwe, na kwa umri wake, akiingia gerezani hatoki. Naye hataki kufungua kinywa. Kuna kitu anakilinda, na nadhani anakulinda wewe."

Mama wa Mwimbaji alisimama akitazama ukuta. Inspekta alikuwa ameona watu wengi wakisikia habari za kifo, na uso ule ulifanana na nyuso hizo, isipokuwa habari hii ilikuwa ya mtu kuwa hai.

"Wa kushoto," alinong'ona. "Mungu wangu. Mmemlaza kwenye sakafu?"

"Kuna benchi."

"Nipisheni nichukue mtandio."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha la juu lisilofunguka. Mama Sweta alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Inspekta alimwacha mama wa Mwimbaji ukumbini na Sajini, akaingia peke yake. Aliweka mezani kofia nne za mwaka huu, zilizokusanywa kwa wenyewe, moja moja: njano, buluu, kijani, nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Afande."

"Nyeupe iko wapi mwaka huu?"

Yule mzee aligusa nafasi tupu kando ya nyekundu kwa mkono wa kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu jana, alijibu swali.

"Nyumbani."

"Ilikuwa yako?"

Mzee aliurudisha mkono mapajani.

"Mama, najua moto. Najua chumba cha joto. Najua kwamba hujui ipi ni ya nani. Sijui kwa nini unakubali kufungwa kwa ajili hiyo."

"Kwa hiyo unajua kila kitu," Mama Sweta alisema. Sauti yake ilikuwa laini, haina kinyongo. "Basi andika nimetisha, nitie dole gumba, twende. Usiwaambie watoto wa watu. Nakuomba. Nitafungwa, si neno. Nilikosea mwenyewe kupeleka nyumbani. Siku zote napeleka kazini kwao. Mwaka huu hayupo kazini, na nikasikia ni mjamzito, nikashindwa kujizuia. Sikufikiri kwamba mjamzito akiona kile ataona jeneza. Kosa ni langu."

"Nikipeleka jalada hili, unafungwa kwa kitu ambacho hukukifanya. Nikitaka kulifuta, lazima nimwambie mlalamikaji sababu."

"Usimwambie."

Inspekta alikuwa amejitega mwenyewe kwa akili yake mwenyewe, naye alilijua hilo. Aliinuka, akafungua mlango, akampa ishara Sajini.

Mama wa Mwimbaji aliingia. Hakuna aliyepiga kelele. Walitazamana, wanawake wawili waliokuwa wasichana walipoonana mara ya mwisho, kila mmoja akimtafuta mwenzake ndani ya uso wa kizee. Kisha mama wa Mwimbaji akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Inuka," Mama Sweta alisema. "Unachafua nguo."

"Sijawahi kukushukuru."

"Tuliapa tusionane. Ungenishukuru wapi? Inuka, bwana, magoti yenyewe ya mkopo hayo."

Wote wawili walicheka, na kicheko kikageuka kilio njiani. Inspekta alivuta kiti cha tatu na kumketisha yule aliyepiga magoti.

"Nielezeni," alisema. "Siandiki."

"Chumba kilikuwa na kioo," Mama Sweta alianza. "Wao ndani, sisi nje. Hatukuruhusiwa kuwashika. Unakamua maziwa, muuguzi anapokea, unabaki kutazama. Mikono yao ilikuwa myembamba, kibandiko cha jina hakikai. Muuguzi akasema, fumeni kofia, kila mama rangi yake, ndivyo nitakavyowajua. Wenzangu hawakujua kufuma. Nikazifuma zote."

"Zangu zilikuwa njano," mama wa Mwimbaji alisema. "Nilikuwa nakaa pale kwenye kioo naitazama njano. Uso sikuuona. Ukitaka ukweli, nilikuwa nampenda mtu kwa rangi."

"Moto ulipoanza, muuguzi aliwavua kofia. Alifanya vizuri. Uzi ule wa bei rahisi cheche ikiugusa unayeyuka, unashikana na ngozi. Aliwafunga kwa taulo zilizoloweshwa, akawatia wote kwenye kapu la mashuka, akawaleta nje. Akarudi ndani kumfuata mgonjwa. Hakutoka tena. Ndiye peke yake aliyewajua."

Mama wa Mwimbaji aliendelea yeye, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa yake.

"Tulifunua kapu. Watoto watano, weusi kwa masizi, wote wasichana. Mmoja hapumui. Afande, mimi ndiye niliyeanza. Nilimkamata aliyekuwa akilia, nikasema huyu wangu. Mwingine akasema hapana, wangu. Wanne wanapumua, sisi tuko watano. Tulivutana. Tuliwavuta watoto wale kama nguo za mnada, na daktari wa zamu anapiga kelele, wawekeni kifuani, wapeni joto, watakufa! Nani amsikie? Walikuwa wanapoa mikononi mwetu huku tukigombana. Mdogo wao ameshaanza kubadilika rangi. Ndipo huyu akainama kwenye kapu. Akambeba yule aliyekufa. Akasema, nyamazeni, wangu ndiye huyu. Namjua kwa sikio lake."

"Tukanyamaza," aliongeza. "Kila mmoja akaweka wake kifuani. Hakuna aliyekufa tena. Alfajiri tukakubaliana kwamba tarehe iwe hiyo kwa wote, maana ndiyo siku tuliyowapata. Na tusionane tena, watoto wasije wakafanana na mama wasio wao mbele ya macho yetu. Miaka yote nimejipa moyo kwa neno lake moja. Alimjua wake kwa sikio. Basi huyu ni wangu."

Inspekta alimgeukia mfumaji.

"Ulimjua kwa sikio, mama?"

Mama Sweta aliinua mkono wa kushoto na kuugusa upande wa shingo yake, chini kabisa ya ndewe ya sikio.

"Sikuwahi kuyaona masikio yake," alisema. "Kofia ilikuwa inafika hapa."

Katika kazi yake Inspekta alikuwa amesikia uongo wa kila namna. Wa kukwepa kamba, wa kuficha mali, wa kumwangamiza jirani. Aliwaona waongo hodari na waongo wapumbavu. Huu haukuwa na mwenzake. Alimtazama mwanamke yule aliyezika mtoto ambaye huenda hakuwa wake, ili wengine wanne waishi, akaogopa, kama mtu aliyeinua macho usiku akakuta mbingu iko karibu kuliko alivyodhani.

Mama wa Mwimbaji alikuwa ameziba uso kwa mtandio.

"Kwa hiyo mwanangu anaweza kuwa..."

"Anaweza kuwa wako," Mama Sweta alisema kwa ukali. "Umemlea. Uchungu wa mwana aujuaye ni wewe."

"Kuna kipimo," Inspekta alisema. Ilibidi aseme, ilikuwa kazi yake. "Cha vinasaba. Mate kidogo tu. Siku chache, mtajua ni nani mtoto wa nani."

"Hapana, Afande."

"Huna haja ya kujua?"

"Nilivuka daraja la yule kwa miguu siku lilipofunguliwa, nikashika kila nguzo. Nilisimama uwanja wa ndege na umati, yule akipita na medali, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Jirani yangu alipopeleka mtoto kwa yule wa mioyo, niliomba nimsindikize, nikakaa kwenye korido nimsikie akitembea. Huyu wa nyimbo ndiye ninayefuma naye kutwa, yuko redioni. Watu wananihurumia, wananiambia asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nawacheka moyoni." Alizikusanya kofia nne kwa mkono, akazisogeza upande wa Inspekta. "Leo nina mabinti wanne. Ukipima, utanipa mmoja na kuninyang'anya watatu. Au utaninyang'anya wote."

Inspekta alikuwa akizitia kofia kwenye mfuko mlango ulipofunguliwa. Sajini alisimama pale akifanya ishara za kuomba radhi. Nyuma yake alikuwepo Mwimbaji, mkono mmoja umeshika kiuno, na nyuma ya Mwimbaji mumewe, simu sikioni.

"Nimekuja kusaini maelezo yangu," Mwimbaji alisema. Kisha akaona. "Mama? Unafanya nini huku?"

Mama wa Mwimbaji aliteremsha mtandio. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ya kukaribishia wageni.

"Unaingia chumba cha watu bila salamu? Msalimie mama yako mkubwa."

"Mama mkubwa yupi? Wewe ni mtoto wa pekee."

"Nani alikwambia? Huyu ni dada yangu. Nilimkosea wewe ukiwa hujaota meno, tukapotezana. Kosa lilikuwa langu lote. Alikuja kukuletea zawadi kwa namna anayoijua yeye, na mlinzi wenu akamshika kama kibaka."

"Samahani," mume alisema, akishusha simu, "huyu si ndiye mtuhumiwa?"

"Hakuna mtuhumiwa, bwana," Inspekta alijibu. "Ni jambo la kifamilia. Mkeo akikubali, jalada halina mlalamikaji."

Wote walimtazama Mwimbaji. Yeye alikuwa akimtazama yule mzee, mikono yake, mkoba wake wa nyuzi, mgongo wake ulionyooka. Haikujulikana anafikiri nini. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kusikiliza, na labda alisikia katika sauti ya mama yake kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Alishika ukingo wa meza, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," Mama Sweta alisema.

Akasita. Hapo watu huongeza neno moja, neno la kawaida kabisa, hata mtu asiyekujua hukupa bila kufikiri. Alimgeukia mama wa Mwimbaji na kumuuliza kwa macho. Mama wa Mwimbaji alitikisa kichwa kwamba ndiyo, mara mbili, machozi yakidondoka mezani.

"Marahaba, mwanangu."